Saba Nukta Mbili

Daftari hukaa ndani ya dashibodi,
mwandiko wangu, kalamu ya bure ya benki:
Septemba, lita nne nukta saba kwa kilomita mia.
Januari, saba nukta mbili.
Nikaipigia ile saba mstari, mara mbili,
kama mwalimu aliyekasirika.

Gari hili nililinunua kwa sifa ya kutokula.
Nusu umeme, nusu petroli, jepesi wa tumbo,
kwenye taa za Portage likisimama kimya
hata nikidhani limenizimikia.
Sasa linabugia.
Mashine ya kituoni inahesabu dola
nami ndani ya glavu nahesabu vidole, kama vyote vipo.

Mbonea kanipigia kutoka Thunder Bay, yumo kitandani mwa lori lake:
"Baridi hiyo, mke wangu. Winnipeg si Same."
Kweli. Ishirini na nane chini ya sifuri,
injini haiwaki kwa ajili ya safari, inawaka kwa ajili ya hita.
Dakika sita hadi kwa mgonjwa. Nazima.
Nabadilisha shuka, natoa dawa, narudi,
limepoa kama uji wa jana.
Lakini mwaka jana baridi ilikuwepo pia,
na daftari linasema tano nukta nane.
Hiyo iliyozidi anakula nani?

Nikaanza na vilivyo karibu na mkono.
Matairi: yote manne yamenywea.
Nikayajaza upepo, magoti kwenye theluji,
wapita njia wakidhani nasali.
Buti: koleo, chumvi, gunia la unga tangu Krismasi.
Nikashusha unga.
Chujio la hewa, jeusi tii, dola kumi na tisa.
Nikamshutumu binti yangu Nankondo kwa mguu mzito;
akanitazama vile wanavyotazama waliozaliwa huku.
Saba kasoro kidogo.

Orest, fundi wa nyuma ya kanisa la Waukraine,
hakufungua hata boneti.
Alilizungusha mtaa mmoja, akashuka,
akagusa magurudumu kwa mgongo wa kiganja
kama mama apimaye paji la uso.
Matatu baridi. La nyuma kushoto akaondoa mkono upesi.
"Hili lina homa."
Pini ya breki imeliwa na chumvi ya barabara, haiachii.
"Tangu lini unaendesha gari linalojishika lenyewe?"
Nikacheka, zaidi ya swali lilivyostahili.

Kisha akauliza: "Una mbwa?"
Mimi? Mbwa?
Alikuwa ameinama pembeni mwa kiti cha nyuma,
kwenye kijitundu ambacho betri hupumulia.
Akavuta manyoya, ya kijivu,
yameshikamana, mapana kama chapati.
Betri ikikosa pumzi, alisema, hupunguza kazi,
na petroli inabeba peke yake.

Skuli.
Siku ya kwanza nilicheka: mbwa anaitwa shule!
Bwana Sigurdson akasema kwao Aislandi ni jina la heshima.
Kampuni inakataza kupakia wagonjwa.
Alhamisi tano za vuli nilimpakia,
tukaenda mtoni kuangalia mabata bukini wakiondoka,
Skuli nyuma, akihemea kwenye kile kijitundu.
Novemba, wiki ya kwanza, nilimkuta kitandani.
Mwanawe akaja kutoka Gimli kumchukua mbwa.
Saa moja baadaye simu ikanitumia anwani nyingine,
nikaenda. Theluji ilikuwa ndiyo inaanza.

"Nitupe?" Orest kauliza.
Nikanyoosha mkono.
Dola mia tatu na arobaini, breki na kusafisha feni.
Nikatoka na manyoya kwenye mfuko wa koti,
gurudumu la nyuma kushoto linazunguka
kana kwamba halijawahi kushika kitu.

Februari: tano nukta tisa.
Hapo sikupiga mstari.